Maji ya Kinjeketile na ahadi za mpakani

Mara kwa mara, kwenye kituo kimoja au kingine cha mpakani hapa Afrika Mashariki, hujengwa jukwaa, hufungwa maturubai, na kiongozi husimama kutangaza kwamba mpaka umebaki mstari kwenye ramani tu. Ngoma hupigwa, utepe hukatwa, wageni hunywa soda na kuondoka kwa msafara. Kesho yake alfajiri mama mwenye magunia matatu ya mchele hufika palepale, maneno ya jana bado yako masikioni mwake, na ofisa wa zamu humwomba karatasi ambayo haikutajwa jukwaani. Mama hana karatasi hiyo. Anarudi nyuma, anamtafuta kijana wa bodaboda anayejua njia ya panya, na kabla jua halijawa kali ameshakuwa mvunja sheria katika soko aliloambiwa ni lake.

Kati ya jukwaa la jana na foleni ya leo kuna jambo ambalo mwandishi mmoja wa tamthilia aliliona miaka mingi kabla Jumuiya ya sasa haijazaliwa. Ebrahim Hussein alizaliwa Lindi, kusini mwa Tanzania, mwaka 1943. Alisoma na kufundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Ujerumani Mashariki kupata shahada ya uzamivu kwa utafiti kuhusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Kwa muda wa miaka kama ishirini hivi aliandika michezo ambayo yote kwa pamoja inaingia kwenye mkoba wa begani: Wakati Ukuta na Alikiona mwishoni mwa miaka ya 1960, Kinjeketile mwaka 1969, Mashetani mwaka 1971, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, Arusi mwaka 1980, na Kwenye Ukingo wa Thim mwaka 1988.

Watu wengi waliopita sekondari Kenya au Tanzania wamekutana na mojawapo ya vitabu hivi, wakakariri wahusika na dhamira kwa ajili ya mtihani, kisha wakavisahau. Ni hasara, maana kama kuna kundi la watu linaloihitaji michezo hii leo kuliko wanafunzi, ni wale wanaoamka usiku kupanga mzigo Busia, Malaba, Namanga, Mutukula, Rusumo na Kasumbalesa. Hussein aliandika kuhusu ahadi ya umoja: nani anaitoa, nani anaiamini, na nani analipa siku ikishindwa kutimizwa.

Kinjeketile ndio mchezo unaojulikana zaidi. Unatokana na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, pale jamii zaidi ya ishirini za kusini mwa Tanganyika zilipoinuka kupinga utawala wa Wajerumani. Mchezo unaanza na njaa na kazi ya shuruti. Watu wanalima shamba la mzungu huku mashamba yao yakiota magugu. Mnyapara anapiga, binti wa watu anachukuliwa kwa nguvu, na wazee hawana la kufanya kwa sababu kila kabila linamtazama jirani yake kwa shaka. Kila mmoja ana manung'uniko yaleyale, lakini hakuna anayemwamini mwenzake kiasi cha kuyasema mbele yake.

Ndipo Kinjeketile anapoingia mtoni na kutoka akiwa na maji. Maji hayo, anasema, yatawafanya watu wawe kitu kimoja, na risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Jambo ambalo wazee hawakuliweza kwa vikao vya miaka mingi linatimia kwa muda mfupi. Watu waliokuwa hawapokezani hata moto wanaanza kufanya mazoezi ya vita pamoja. Kama mchezo ungeishia hapo, ungekuwa mchezo wa kusifia umoja tu, wa aina ile inayofaa kuchezwa mbele ya wageni rasmi.

Hussein hakuishia hapo. Kinjeketile wake ni mtu anayeanza kuogopa neno lake mwenyewe. Anaambiwa kwamba alipokuwa katika hali ile alisema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watoke mikononi mwa bwana mmoja waende kwa mwingine, na anajiuliza neno hilo limetoka wapi. Anawataka watu wasubiri. Lakini neno limeshatoka, limekuwa kubwa kuliko yeye, na watu waliochoka kuonewa hawawezi kusubiri. Wanaingia vitani wakitegemea maji, na risasi hazigeuki maji. Katika historia yenyewe, vita hivyo na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno. Wanahistoria hutaja kuanzia 75,000 hadi 300,000. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu.

Mfanyabiashara wa mpakani akiusoma mchezo huu hatashindwa kujiona ndani yake. Umoja aliouleta Kinjeketile ulikuwa wa kweli, na ndiyo maana Wajerumani waliuogopa. Ubaya ulikuwa pale watu walipoacha kuutegemea umoja wenyewe wakategemea maji. Waliamini kinga ambayo hawakuwahi kuijaribu, na hakuna aliyewaeleza mipaka yake. Ujumbe huo una uzito kwa eneo hili, ambalo limekuwa likigawiwa maji kwa muda mrefu.

Tarehe za mchezo zinasema mengi. Mkataba wa Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwaka 1967. Miaka miwili baadaye Kinjeketile kikatoka. Wakati huo reli ilikuwa moja, bandari zilisimamiwa pamoja, posta ilikuwa moja na shirika la ndege lilikuwa moja. Mwaka 1977 vyote hivyo vikavunjika, na mpaka kati ya Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Wafanyabiashara wakongwe wa Namanga na Taveta wanaikumbuka miaka hiyo bila kuhitaji kitabu. Hawakuulizwa wakati Jumuiya ilipoundwa, hawakuulizwa ilipovunjwa, lakini mizigo iliyooza ilikuwa yao.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa upya kwa mkataba wa mwaka 1999. Itakuwa dhuluma kusema haijafanya kitu. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 2010. Vituo vya pamoja vya mpakani vimepunguza kazi ya kukaguliwa mara mbili, na lori lililokuwa likilala Malaba siku kadhaa sasa hupita kwa haraka zaidi. Burundi na Rwanda ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Umoja huu upo, na anayeubeza hajawahi kuvusha kitu.

Lakini maji nayo bado yanagawiwa. Mfano ulio karibu zaidi ni ule utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo. Jukwaani huelezwa kwa maneno mawili: hakuna ushuru. Utaratibu wenyewe una masharti. Thamani ya mzigo isizidi dola 2,000 za Marekani. Bidhaa iwe imezalishwa ndani ya nchi za Jumuiya na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Mwenye mzigo apate cheti chepesi cha uasili, ambacho hugongwa muhuri hapohapo mpakani. Tena msamaha wenyewe ni wa ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani na ada za ukaguzi wa afya ya mimea au ubora zinaweza kudaiwa kama kawaida.

Masharti hayo hayana ubaya mkubwa. Mama wa mchele angeyaelewa yote kwa dakika kumi kama angeelezwa kwa Kiswahili kabla hajafunga mzigo. Ubaya ni kwamba aliambiwa maneno mawili na akaachwa ayagundue mengine yote mbele ya ofisa. Akidaiwa kodi ya ndani anadhani anaibiwa, na mara nyingine anaibiwa kweli, kwa kuwa asiyejua mipaka ya kinga yake hawezi kutofautisha dai halali na la haramu. Kati ya neno tupu la jukwaani na karatasi isiyoeleweka ndipo dalali wa mpakani anapojenga nyumba yake.

Na risasi zimekuwa zikipenya. Mwaka 2017 vifaranga wapatao 6,400 waliotoka Kenya walichomwa moto upande wa Tanzania pale Namanga kwa hoja ya kuzuia magonjwa ya ndege, na mwaka huohuo ng'ombe zaidi ya elfu moja wa wafugaji wa Kenya waliokamatwa wakilisha Tanzania walipigwa mnada. Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakapanga foleni na mzigo ndani hadi zuio lilipolegezwa kwa masharti. Kila serikali ilikuwa na sababu zake, na nyingine zilikuwa na mantiki, sumukuvu huua. Lakini katika kila tukio aliyepigwa ni yuleyule aliyekuwa ameambiwa kwamba risasi zimekuwa maji.

Kuna watakaosema kwamba mfano huu unawavunja watu moyo, na kwamba umoja unahitaji wimbo na matumaini. Hussein alilijibu hilo mwishoni mwa mchezo. Kinjeketile akiwa mahabusu anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua kwamba akikiri, Mjerumani hataishia kusema maji yalikuwa uongo. Atasema kupigania haki ni uongo, kuungana ni uongo, na watoto watafundishwa hivyo. Kwa hiyo anakwenda kifoni na neno lake. Mwandishi anamwachia mtazamaji mzigo mgumu: awe mkali kwa ahadi iliyodanganya bila kuutupa umoja ulioletwa na ahadi hiyo. Ndiyo kazi ya mfanyabiashara wa leo. Hana faida ya kuiona Jumuiya ikifa mara ya pili. Anachotaka ni kuambiwa ukweli wa kila mlango, ulio wazi na uliofungwa.

Mchezo wa pili unaostahili kusafiri mpakani ni Mashetani. Hapa hakuna vita. Kuna vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, katika miaka ya baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Familia ya mmoja imeporomoka, ya mwingine imepanda na kununua gari. Wanaigiza pamoja mchezo wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu, na kadiri wanavyoigiza ndivyo urafiki wao unavyoanza kupasuka. Kuna jambo ambalo hawalisemi: nani alikuwa juu jana, nani yuko juu leo. Kwa sababu halisemwi linageuka ugonjwa na jinamizi.

Si mchezo mwepesi, na wengi walioulazimishwa shuleni hawakuupenda. Lakini mtu aliyefanya biashara na jirani wa upande wa pili anaujua ugonjwa huo. Wenye viwanda vingi wanamwona jirani kama soko tu, na jirani anawaona kama watu waliokuja kumeza. Wenye ardhi na nafaka wanajiona wanaporwa, na wanunuzi wanajiona wanawekewa mikingamo. Mezani watu huitana ndugu. Nyuma ya pazia kuna hesabu za zamani za reli na ndege za mwaka 1977, na za nani alifaidika kuliko nani. Hussein hakutoa dawa. Alionyesha tu kwamba urafiki wa watu wasio sawa, wakikataa kuuzungumza ukosefu huo wa usawa, hauponi kwa kukumbatiana. Zuio la ghafla la mahindi au vifaranga mara nyingi ni jinamizi la namna hiyo lililovaa sare ya ofisa.

Mchezo unaomhusu mfanyabiashara kwa karibu zaidi, hata hivyo, ni ule wa mwisho, Kwenye Ukingo wa Thim. Mtanzania kutoka Lindi aliandika kuhusu msiba wa Kenya, kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa Nairobi. Thim ni neno la Kijaluo lenye maana ya pori. Msingi wa mchezo ni kesi iliyoishika Kenya nzima. Wakili S. M. Otieno, Mjaluo, alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao nje kidogo ya jiji. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, nyumbani kwa wazee wake. Mwili ulikaa miezi mitano huku mahakama zikibishaniwa. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki hiyo, na mjane hakwenda mazikoni.

Katika mchezo, wanandoa ni Herbert na Martha. Wameishi mjini wakiamini kwamba ndoa yao imeshavuka ukabila. Wana elimu, wana nyumba, wana marafiki wa kila namna. Herbert anapokufa, Martha anagundua kwamba vyote hivyo vilisimama juu ya uhai wa mtu mmoja. Mume yupo, yeye ni mama mwenye nyumba. Mume hayupo, yeye ni mgeni. Hussein hawafanyi watu wa ukoo kuwa wanyama. Wana mila yao na wana uchungu wao. Lakini anaonyesha jinsi mila inavyoweza kuwa nguo ya watu wanaotaka mali, na jinsi mwanamke anavyoweza kubaki ukingoni mwa pori bila mtu wa kumshika mkono.

Hii ndiyo habari ya mpakani. Biashara ya mipakani imezaa ndoa nyingi kuliko mkataba wowote. Chukua mfano wa mwanamke wa Mwanza aliyeolewa na mwanamume wa Migori. Wanauza dagaa na mafuta ya kula pande zote mbili. Stoo iko Sirari kwa jina la mume, akaunti ya simu iko Isebania kwa jina la mume, mkopo wa kikundi uko kwa jina la mke. Ndoa ilifungwa kwa mahari na baraka za wazee, cheti kilikuwa kifuatwe mwakani. Mume akipata ajali barabarani, nani atafungua stoo kesho? Nani atamlipa aliyekopesha mzigo? Ndugu wa mume watasema mali ni ya ukoo. Ndugu wa mke watasema arudi kwao. Samaki watakuwa wanaoza.

Soko la Pamoja halijafika kwenye mlango huo. Kenya ina Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981. Tanzania mirathi inaweza kuamuliwa kwa mila, kwa sheria ya Kiislamu, au kwa sheria iliyorithiwa tangu ukoloni, kutegemea maisha na imani ya marehemu. Barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama ya upande mmoja haifungui akaunti ya upande wa pili mpaka mahakama ya huko iitambue. Gunia la mahindi lina cheti cha uasili. Mjane wa mwenye gunia hana karatasi inayofanana na hiyo.

Ndiyo maana kumwita Hussein mwandishi wa mambo ya zamani ni kosa. Mwaka 1988 aliweka jukwaani swali ambalo wanasheria wa Jumuiya bado hawajalimaliza. Na mfanyabiashara hana sababu ya kuwasubiri. Mchezo wenyewe unamwonyesha la kufanya, kwa sababu kila janga ndani yake linaanzia kwenye jambo lililoachwa kwa imani. Ndoa isajiliwe. Wosia uandikwe, ushuhudiwe, na nakala ikae mahali zaidi ya pamoja. Stoo na mkopo viandikwe majina mawili. Hesabu ya ushirika iwe kwenye daftari linalosomwa na wote wawili. Wazee wa pande zote waambiwe mapema, mume akiwa hai na mwenye sauti, mali ni ya nani na maziko yatakuwa wapi. Ni mazungumzo yasiyopendeza. Martha na Herbert nao waliishi bila kuyamaliza.

Kinachobaki ni jinsi ya kuifikisha michezo hii kwa watu wanaoihitaji. Mfanyabiashara hana muda wa kwenda ukumbi wa jiji, na vitabu vyenyewe havionekani kwenye maduka ya miji ya mpakani, ambako ni rahisi kupata sabuni ya nchi jirani kuliko tamthilia yake. Hata hivyo soko ni ukumbi tayari. Anayeuza dawa ya panya kwa kipaza sauti anajua kushika watu mia mbili kwa nusu saa bila pazia wala taa. Hussein alizifahamu sanaa hizo. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi zimejengwa juu ya utambaji wa hadithi, ambapo mtu mmoja anabeba mchezo mzima. Hazihitaji lori la mapambo. Kinachohitajika ni mtambaji mzuri na watu waliosimama.

Kila tarehe 7 Julai dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili, na Jumuiya ina Kamisheni yake ya Kiswahili pale Zanzibar. Siku hiyo hotuba huwa nyingi. Ingetosha hotuba zipunguzwe, na fedha za mahema ya wageni ziwalipe vikundi vya sanaa kuchezea Kinjeketile Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, saa za soko, kwa ruhusa ya waandishi na wachapishaji wenye haki. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vikae mstari wa mbele, na maofisa wa forodha wa pande zote mbili wakae nao. Mchezo ukiisha, ofisa asimame aeleze utaratibu rahisi wa biashara ulivyo, na masharti yake yote, aulizwe na ajibu. Mwezi unaofuata uchezwe Kwenye Ukingo wa Thim, na baada yake awepo wakili wa msaada wa kisheria na fomu za wosia.

Kuna hoja kwamba serikali hazitapenda mchezo unaohoji ahadi. Huenda. Lakini viongozi wa eneo hili wamekuwa wakiusifu Kinjeketile kwa miaka mingi kama mchezo wa uzalendo, na umesomwa shuleni kizazi baada ya kizazi. Itakuwa vigumu kuukataza sokoni mchezo uliokubaliwa darasani. Na hata ofisa wa forodha ana faida yake. Anapoonekana mwongo kwa sababu ya ahadi iliyotolewa na mwingine jukwaani, yeye ndiye anayetukanwa kwenye foleni.

Ebrahim Hussein hakuandika mchezo hata mmoja kuhusu forodha. Aliandika kuhusu watu walioambiwa kwamba wamekuwa wamoja, kisha wakapewa mtihani: vita, utajiri, msiba. Kila mtihani ulionyesha sehemu ambayo umoja haukuwa umeshonwa vizuri. Wafanyabiashara wa mpakani ndio wanaofanya mtihani huo kila siku ya soko, kwa mitaji ya mikopo na watoto wa damu mbili. Wana haki ya kuiona michezo hii ikichezwa mbele yao. Na mama wa mchele, kiongozi akisimama tena kutangaza kwamba mpaka umefunguliwa, ana haki ya kuinua mkono na kuuliza: umefunguliwa kwa bidhaa gani, kwa cheti kipi, na mume wangu akifa nitapita na nini?